Chubwi Likigusa Mwamba: Msamiati wa Bahari na Mwanafunzi wa Bara

Wanafunzi wengi wa Kiswahili hukariri methali isemayo kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Wakiulizwa maana yake, hujibu upesi kwamba mnyonge hana nguvu. Wakiulizwa joshi ni nini, aghalabu hunyamaza. Nchiru iko mbali na bahari, jirani na milima ya Nyambene, na udhuru wa umbali huo hukubaliwa kwa urahisi mno. Hata hivyo, wazee wa Kimeru wenyewe husimulia kwamba wahenga wao walitoka Mbwaa, wakavuka maji wakimkimbia Nguo Ntuune, na baadhi ya wanahistoria wameihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Bahari si ya wageni hapa kama inavyodhaniwa.

Makala haya yanashikilia kwamba msamiati wa bahari haufundishiki kwa kamusi pekee, kwa kuwa darasa lake halisi ni chombo, na mwalimu wake ni mzazi. Chukua mfano wa mvuvi wa Shimoni au Vanga anayetoka na mwanawe kuvua kwa mshipi nje ya miamba. Kwanza hutafutwa mahali. Baba hulinganisha mnazi fulani na mnara wa msikiti hadi viwe mstari mmoja, kisha nanga hutiwa. Mtoto hutia chambo katika ndoana, huteremsha mshipi, na kuhesabu pima. Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Kwa hiyo pima ishirini za mtoto si pima ishirini za baba, na hesabu hiyo ndiyo mzaha wa kwanza chomboni na somo la kwanza pia. Chubwi likigusa chini, mtoto huambiwa ainue kidogo, ndoana isinase mwambani. Changu hudonoa, chewa, ambaye wengine humwita tewa, humeza na kukimbilia pangoni mwake, na asipovutwa mara moja mshipi hukatikia huko. Tofauti hii mtoto huijua kwa kidole, na neno lake hulipata papo hapo.

Linganisha hayo na maelezo ya kikamusi yanayoishia katika "aina ya samaki". Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ilifanya kazi kubwa, na si haki kuilaumu kwa kila pengo. Lakini inasikitisha kwamba mtu atakaye habari pana ya maneno ya mabaharia bado huelekezwa kwa Sacleux, padri Mfaransa ambaye kamusi yake ilitoka 1939. Na hata humo, jina hupatikana bila mkono unaovuta.

Yamkini mtu atapinga kwamba mahali pa mtoto ni shuleni, si baharini. Kweli, na hakuna anayetaka mtoto aache masomo ili ashike mshipi. Kwa bahati, Disemba, shule zikiwa zimefungwa, ni majira ya kaskazi, ambapo bahari ya nje hutulia kuliko wakati wa kusi. Pingamizi lenye uzito zaidi ni lile la binti: kwa desturi uvuvi wa mbali umekuwa wa wanaume, ilhali wanawake hutafuta pweza miambani na kutanda dagaa kwa nguo. Basi msamiati wa mama na binti ni mwingine, na huo umeandikwa kwa uchache zaidi. Atakayeutafuta hana haja ya chombo. Yatosha maji yapwe.

Idara za Kiswahili, zikiwemo za bara, zingefanya vyema kuihesabu kazi ya namna hii kuwa utafiti kamili wa nyanjani, sawa na ukusanyaji wa ngano na nyimbo. Wavuvi wengi wanazeeka, na nyuzi za nailoni, mashine na simu zinaleta maneno yake mapya, ambayo nayo yanastahili kuandikwa bila kudharauliwa. Mtafiti aombe nafasi chomboni, si kiti mchangani. Mvuvi aliyeketi chini ya mnazi atamtajia majina ya samaki hadi jua lizame. Lakini maneno anayomwambia mwanawe mshipi unapokaza hayamjii mpaka ukaze.