Barua ya Chuo na Hati ya Nyumba

 

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia madrasani mama mmoja wa mtaa wetu, mjane, mkononi ana bahasha mbili. Katika ya kwanza mlikuwa na barua ya chuo kikuu kimoja cha Uholanzi, ya kumkubali binti yake kusoma shahada ya uzamili katika elimu ya tabianchi, yaani elimu ya hali ya hewa ya dunia na kubadilika kwake. Katika ya pili mlikuwa na hati ya nyumba aliyoiacha marehemu mumewe. Akasema: "Maalim, shemeji yangu ameshauri tuiweke nyumba rehani benki, mtoto apate ada. Zimebaki siku kumi na nane. Wewe wasemaje?"

Binti huyo tulimsomesha sisi, tangu juzuu ya Amma hata akahitimu. Alipopata shahada yake ya kwanza alifanya kazi miaka miwili pamoja na wanawake wakulima wa mwani, pwani ya mashariki ya Unguja. Huko aliona kwa macho yake jambo ambalo wengi wetu twalisikia redioni tu: bahari imezidi joto, na mwani ule wenye thamani, uitwao kotoni, waoza kambani kabla ya kuvunwa. Wanawake wamebaki na ule wa aina ya pili, unaostahimili zaidi lakini bei yake ni duni. Ukivuka Pemba utaonyeshwa mabonde ya mpunga yaliyoingiwa na maji ya chumvi. Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika ukawatoa watu majumbani mwao, na mwezi wa Mei uliofuata kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Wazee wetu walirithishana habari za tufani ya mwaka 1872, iliyong'oa mikarafuu ya Unguja, na waliisimulia muda wote huo kwa kuwa hawakuona tena ya mfano wake.

Basi juu ya elimu yenyewe hatuna neno. Anayesema kuwa ni elimu ya Kizungu isiyotuhusu, na ashuke pwani akawaulize wale kina mama. Umma ulioko pwani wahitaji watu wake wenyewe wanaoijua bahari na mvua kwa hesabu na vipimo, na kuwapata watu hao twaona ni katika fardhi kifaya: wakipatikana baadhi yetu, sote tumesalimika; wasipopatikana, sote tuna lawama. Lililotushughulisha siku ile lilikuwa jingine. Elimu hii italipwaje, na kwa mali ya nani?

Tulimwuliza mama: "Nyumba hii ni ya nani?" Akajibu: "Ya mume wangu." Tukamwuliza kama mirathi imegawanywa. Haikugawanywa. Marehemu ameacha mke, binti huyo mmoja, na watoto wanaume wawili ambao hawajabaleghe. Wazazi wake walikwisha kutangulia mbele ya haki. Tukachukua chaki tukapiga hesabu ubaoni, pale pale wanapoandikia watoto. Mke ana thumni. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume kwa mafungu mawili ya mwanamke. Nyumba ikigawanywa mafungu arubaini, mama ana matano, binti ana saba, na ishirini na nane yote ni ya mayatima wawili, kila mmoja kumi na manne. Mama alilitazama lile ubao kitambo kirefu. Alikuwa hajui kwamba katika hati ile aliyoishika mkononi, iliyo yake na ya msomi wake haifiki hata theluthi.

Ami wa watoto, tukimdhania wema, alikusudia kheri. Lakini mali ya yatima haiwekwi rehani kwa haja ya mtu mwingine, hata kama ni dada yake na hata kama haja yenyewe ni elimu. Onyo la Suratun Nisaa kwa wenye kula mali za mayatima halihitaji mfasiri. Na juu ya hayo, mkopo wenyewe ulikuwa wa riba. Maharamisho mawili yamekutana katika karatasi moja, na watu wa nyumbani walikuwa wakiliita jambo hilo baraka.

Hebu tena tutazame kiasi cha fedha, maana wengi hulazimisha jambo bila ya kuhesabu. Chuo cha Wageningen cha Uholanzi, kwa mfano, hufundisha elimu hii ya tabianchi kwa miaka miwili, na mwanafunzi asiyetoka Ulaya hutozwa karibu Yuro 20,000 kwa mwaka. Hapo hajala, hajalala, wala hajanunua koti la baridi. Fedha ambayo benki ingetoa kwa nyumba ile ya vyumba vinne isingeufikia mwaka wa pili. Tulimwuliza mama: "Mwaka wa pili mtauza nini?" Alinyamaza.

Hapa ndipo panapokosewa katika nyumba nyingi. Barua ya kukubaliwa huja na nembo ya chuo, na jina la mtoto limeandikwa vizuri, jamaa wakapiga vigelegele. Barua ile yasema tu kwamba chuo kimeona mtoto aweza kusoma. Haisemi kwamba kuna atakayemlipia. Mfadhili ni mwingine, fomu zake ni nyingine, na mara nyingi mlango wake hufungwa miezi mingi kabla ya ile barua ya chuo kufika. Binti yetu alianza kwa chuo, akaukumbuka ufadhili baadaye. Alipouliza, milango yote ya mwaka ule ilikwisha kufungwa.

Twawaambia vijana, waume kwa wake, mambo tuliyoyasoma pamoja na binti huyo siku zile, yeye akisoma Kiingereza na sisi tukiuliza maswali. Serikali ya Uingereza ina ufadhili uitwao Chevening, wa masomo ya mwaka mmoja. Kwa miaka hii ya karibuni maombi yake hufunguliwa Agosti au Septemba na kufungwa Oktoba au Novemba, kwa safari ya mwaka unaofuata. Yaani anayetaka kusafiri Septemba aanze mwaka mzima kabla. Hutaka mtu aliyekwisha kufanya kazi kwa kiasi cha miaka miwili, na humwekea sharti la kurudi kwao na kukaa huko miaka miwili. Sharti hili tumelipenda sana; laiti wafadhili wote wangelikuwa nalo. Shirika la Kijerumani la DAAD nalo lina mpango wa masomo yahusuyo maendeleo: lataka kazi ya miaka miwili, na shahada ya kwanza isiwe imepita miaka sita. Umoja wa Ulaya una Erasmus Mundus, ambao hulipa ada pamoja na posho ya Yuro 1,400 kwa mwezi, na mwanafunzi husoma katika nchi zaidi ya moja. Umoja wa Afrika nao una Chuo Kikuu cha Afrika, ambacho taasisi yake ya maji na nishati, pamoja na mabadiliko ya tabianchi, iko Tlemcen, nchini Algeria, mji wa misikiti na adhana.

Angalieni tena ile miaka miwili ya kazi. Wapo vijana wetu wamalizao chuo wakakaa barazani miaka mitatu wakingoja kazi yenye ofisi. Kazi ya binti huyu na wale wakulima wa mwani ilikuwa ya malipo machache na jua kali, na jamaa zake walimcheka. Leo ndiyo karatasi yake yenye nguvu kuliko zote.

Katika haya, wako watu wanaojiita mawakala. Mmoja wao, ambaye hatumtaji, alimpokea mama huyu fedha za kiinua mgongo cha marehemu kwa kazi ya kumwombea binti chuo. Alichofanya ni kujaza fomu ambayo binti mwenyewe angeijaza kwa usiku mmoja. Chevening haitozi kitu kuomba. Atakayewaambia mlipe ili jina lipite, mwondoeni mlangoni kwa adabu.

Na sisi nasi tusijitakase. Binti alipotuomba barua ya kumshuhudia, tuliandika kurasa mbili kwa hati nzuri, tukasifu adabu yake, hijabu yake, na makhraji ya herufi zake. Barua ile ilirudi. Walitaka mwalimu aliyemfundisha chuo kikuu, na msimamizi wa kazi yake, waseme amefanya nini na ameweza nini. Sisi elimu yetu ni ya chuoni na skuli ya msingi, hatukuyajua hayo, na kwa kutojua kwetu tukampotezea wiki mbili. Maalim mwenzetu ukiombwa barua kama hiyo, uliza kwanza wanataka nini. Na wewe kijana, unapoandika maelezo ya nafsi yako, usiandike kwamba tangu utoto wapenda mazingira. Andika kamba zilikuwa ngapi, mwani ulikufa mwezi gani, na wewe ulifanya nini. Mtihani wa Kiingereza nao usiufanye mapema mno, kwani matokeo yake huhesabiwa kwa miaka miwili tu.

Kuna mtego mwingine. Watu husikia kwamba Ujerumani haina ada, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Chuo Kikuu cha Hamburg chafundisha uzamili wa tabianchi kwa Kiingereza bila ya ada ya masomo, ila mchango wa kila muhula. Lakini ili mwanafunzi apewe viza yatakikana aonyeshe fedha ya kumtosha kula mwaka mzima, iliyofungiwa benki, na tangu Septemba 2024 kiasi chake ni Yuro 11,904. Basi neno "bure" na liulizwe mara mbili.

Kwa nini tusitazame na karibu? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo chake cha taaluma za mabadiliko ya tabianchi, na hutoa shahada ya uzamili katika somo hilo hilo. Anayesoma huko anakwenda kwa boti na kurudi kwa boti, na mvua anayoisoma ndiyo inayomnyea. Tena kwa binti kuna suala la safari bila ya maharimu, ambalo wanachuoni wana kauli zaidi ya moja ndani yake: wako waliokataza, na wako walioruhusu njia ikiwa na amani na wenzake wakiwa waaminifu. Hukumu yake tunawaachia wenyewe na mwanachuoni wao. Tunaloliomba ni kwamba lisemwe kabla ya fomu ya kwanza kujazwa. Ni dhulma kumwacha mtoto wa kike ataabike mwaka mzima, kisha siku ya viza ndipo mjomba akumbuke fiqhi.

Sasa fedha ya halali itoke wapi, ikiwa mfadhili hakupatikana? Tunasema: katika qardhi njema, baina ya jamaa. Katika ukoo wa binti huyu huyu, mwaka juzi ilifanywa harusi, na mchango ukakusanywa kwa wiki sita, kadi kwa kadi. Kiasi kilicholiwa usiku ule, kwa hesabu aliyotupa mama, kingemtosha msomi kwa sehemu kubwa ya ada ya Dar es Salaam. Watu wale wale, wenye mifuko ile ile, wakiombwa kukopesha kwa elimu husema hali ni ngumu. Na mkopo uandikwe na ushuhudiwe, kama tulivyoamrishwa katika aya ya deni ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote. Wengi huona haya kuandikiana na jamaa. Haya hiyo ndiyo iletayo ugomvi.

Jambo hili lina mfano mkubwa. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah, mwaka 1983 ilianzisha mpango wa kuwasomesha vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi zisizo wanachama wake. Kwa mwanafunzi fedha ile ilikuwa qardhi isiyo na riba, na kwa jamii yake ilikuwa kipawa: alipopata kazi alirejesha, na marejesho yakaenda katika mfuko wa kuwasomesha wengine wa kwao. Hakuna linalouzuia msikiti au ukoo kufanya hivyo kwa kiasi chake.

Ama mikopo ya serikali, kila mtu asome masharti kabla ya kutia saini. Bodi ya Mikopo ya Tanzania, ambayo fedha zake kwa wingi ni za shahada ya kwanza, ilikuwa ikiongeza asilimia 6 kwa mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Nyongeza hiyo ikaondolewa mwaka 2021. Wako waliouacha mkopo kwa ajili ya nyongeza ile, na hadi leo hawajui kuwa imeondoka. Na zaka? Mwanafunzi fakiri ana fungu lake katika ufakiri wake. Mwenye baba mwenye maduka asituandikie.

Siku ya kumi na nane ilipita na ada haikulipwa. Binti alilia, na hatukumkataza. Chuo kimemjibu kwamba aweza kuomba tena. Tangu hapo amepeleka maombi matatu, mawili ya wafadhili na moja la Dar es Salaam, na jamaa watano wameahidi qardhi ikiwa Dar es Salaam ndiko atakakokwenda. Hadi tunapoandika haya hakuna jibu lililofika. Mirathi imepelekwa kwa kadhi, na hati ya nyumba imerudi sandukuni.

Mwezi ujao, inshaallah, tutaandika mfano wa hati ya qardhi baina ya jamaa, neno kwa neno, ili mwenye haja aunakili.