Kabla ya Tikiti, Mpimeni Mtoto

Mpwa wangu mmoja alinijia juzi baada ya sala ya Isha, karatasi mfukoni, uso umejaa furaha ya mtu aliyekwisha kuamua jambo lake na sasa ataka kusifiwa tu. Ana watoto watatu. Mkubwa ana miaka saba, wa pili mitano, na kitinda mimba hajatimiza miaka miwili na nusu. "Mjomba," akaniambia, "Agosti hii nawapeleka watoto Abu Dhabi na Dubai wakapande pembea." Akaikunjua karatasi yake. Siku nne, bustani tano: Ferrari World, Warner Bros. World, SeaWorld, Yas Waterworld na Legoland. Kila siku ilianza saa moja ya asubuhi ikaisha usiku. Pesa nusu anazo, nusu atakopa kwa wenzake wa chama.

Sikumsifu. Na kwa kuwa najua hayuko peke yake, na kwamba karatasi kama ile zimo katika mifuko ya wazazi wengi kutoka Vanga hadi Lamu, nimeonelea bora niliyomwambia yeye niyaseme mbele ya wasomaji.

Kwanza nitoe dhana mbaya. Mimi si katika wale wanaosema kwamba kumpeleka mtoto kwenye pembea ni israfu na upuuzi. Sisi tuliozaliwa Mombasa tumekuwa tukipelekwa Makadara kila Idd, na hakuna aliyesema wazazi wetu wamepotea. Tulikuwa twavaa kanzu mpya zinazowasha shingoni, mkono wa Idd umefumbatwa kiganjani mpaka sarafu zalowa jasho, tukapanda farasi wa mbao, tukala mabuyu na achari ya embe, tukarudi nyumbani tumechafuka na tumeshiba. Mtoto ana haki ya furaha. Ninachogomba nacho ni mpango, na huo mpango ni wa baba, si wa mtoto.

Lazima tukubali kwamba zamani jambo hili halikuwa karibu nasi. Mtu akisikia habari za Disneyland alijua ni huko Marekani, kwa wenye mali. Siku hizi zimetujongelea. Katika kile kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, bustani ya Ferrari ilifunguliwa 2010, ya maji ikafuata 2013, ya Warner 2018 na ya SeaWorld 2023. Legoland ya Dubai ilifunguliwa 2016. Mwezi wa Mei 2025 kampuni ya Disney yenyewe ilitangaza kwamba itajengewa bustani huko huko Yas. Na Januari 2024 flydubai ilianza safari ya moja kwa moja kati ya Mombasa na Dubai, mwendo wa saa tano hivi. Nani kati yetu hana shemeji, binamu au jirani wa zamani aliyeko Dubai, Sharjah au Maskati? Kitanda cha kulala hakikosekani. Ndiyo maana watu wamo mbioni.

Lakini hebu turudi nyuma tutazame mambo haya yalianzaje. Walt Disney mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi katika bustani ya Griffith Park, mjini Los Angeles, akila njugu huku binti zake wawili wakizunguka juu ya farasi wa mbao. Watoto walikuwa na furaha, na yeye alikuwa akingoja tu. Akajiuliza mbona hapana mahali ambapo mzazi na mtoto wanaweza kufurahi pamoja. Msomaji atazame vizuri: yule bwana alikuwa Makadara! Alikuwa baba wa siku ya Idd, amechoka, ameshika viatu vya watoto. Kilichomsumbua ni kule kuwa mbali na watoto wake hali yu karibu nao.

Disneyland ilipofunguliwa tarehe 17 Julai 1955 mambo yalikwenda mrama. Watu wengi waliingia kwa tikiti za kughushi, jua lilikuwa kali, lami mpya ikalainika hata visigino vya viatu vya kina mama vikazama ndani yake. Mafundi wa mabomba walikuwa wamegoma kabla ya siku hiyo, na muda uliobaki haukutosha kumaliza vyoo na mabomba ya maji ya kunywa vyote viwili. Disney akachagua vyoo. Watu walinung'unika sana, lakini mwenye watoto wadogo atakubaliana naye mara moja.

Sasa nitoe kosa langu. Miaka kumi na mmoja iliyopita nami nilikuwa na karatasi yangu. Tulikwenda Agosti, kwa sababu shule zimefungwa, kwenye bustani moja ya wazi ambayo sitaitaja jina, maana kosa halikuwa lake. Binti yangu alikuwa na miaka mitano. Tangu tulipokuwa nyumbani nilikuwa nimemjaza maneno juu ya gari moja la reli lipandalo mlima na kuteremka kwa kishindo. Hata ndani ya ndege alikuwa halali, ataka kusikia habari za gari. Tulisimama kwenye foleni saa nzima na zaidi. Tulipofika mbele alikuwapo kijana mmoja na fimbo ya kupimia. Akamsimamisha mtoto kando yake. Alipungua kwa upana wa vidole vitatu.

Mtoto akalia. Mimi nikabishana na yule kijana, naye akanijibu kwa adabu kwamba mshipi wa kiti haumshiki mtu mfupi kuliko alama ile, na hilo ni kweli, hakuna la kubishana. Basi nikamgeukia mtoto. Nilimkaripia mbele za watu. "Pesa zote hizi nimetoa, nawe walia?" Akanyamaza, na akanyamaza mpaka jioni.

Sasa ni msichana wa miaka kumi na sita. Ukimwuliza juu ya safari ile, pembea hata moja haikumbuki. Aikumbuka ile fimbo, na ayakumbuka maneno yangu. Kingine anachokikumbuka ni kidimbwi cha kuogelea pale tulipofikia, ambacho hakikuwa na tikiti wala foleni, na ambacho mimi nilikuwa nikimtoa kwa nguvu kila asubuhi ili tuwahi pembea.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu: kabla ya tikiti, kabla ya viza, chukua futi ya fundi cherehani umpime kila mtoto, tena bila viatu. Kila pembea kubwa ina kimo chake, na vimo hivi hutangazwa mapema na wenye bustani. Kule Florida, katika bustani ya Magic Kingdom, gari la Big Thunder Mountain kwa miaka mingi lilitaka sentimita 102, na Space Mountain lataka 112. Ile Formula Rossa ya Ferrari World, iliyojulikana duniani kwa mwendo wa kilomita 240 kwa saa, yataka kimo kikubwa kuliko hicho. Kwa watoto wake watatu, huyo Ferrari ni wa baba peke yake. Basi aseme waziwazi kwamba yeye ndiye anayetaka kupanda, aende siku moja na wenzake, asiwafanye watoto kuwa kisingizio. Legoland, kwa upande mwingine, ilitengenezwa kwa watoto wa miaka miwili hadi kumi na miwili. Mtoto wa miaka mitano pale ni bwana mkubwa.

Jambo la pili ni jua. Agosti katika nchi zile joto hupita digrii 40, na sisi wa pwani tusijidanganye kwamba tumezoea. Joto letu lina upepo wa kusi. Kama ni lazima kwenda Agosti, basi bustani ziwe zile zilizo chini ya paa, kama ya Warner na ya Ferrari, ambazo ndani yake ni baridi hata mtoto atahitaji sweta. Lakini shule zetu hufungwa pia mwisho wa mwaka, na mchana wa Desemba kule haupiti sana joto la Julai letu. Kungoja miezi minne kutampa nafasi pia ya kumaliza kuweka ile nusu ya pesa aliyotaka kukopa. Hapo ndipo nilipokuwa mkali. Deni la ada ya shule nalielewa, na la matibabu nalielewa zaidi. Mtu kulipa deni la pembea mpaka Machi, na kila mtoto akiomba daftari anaambiwa "si nilikupeleka Dubai?", hilo silielewi.

Jambo la tatu ni usingizi, na hapa ndipo wababa tunapokosea zaidi, kwa kuwa si sisi tunaowalaza. Kitinda mimba alala kila siku baada ya adhuhuri. Hataacha kulala kwa sababu tikiti ni ghali. Atalala begani mwa mamake, katika foleni, au atakataa kulala na kuwatia wote wazimu. Bustani moja kwa siku, tena siku moja mbili za kupumzika katikati. Waingie milango ifunguliwapo, foleni bado fupi. Wende wakachoke mpaka adhuhuri, watoke, wasali, wale, walale. Nguvu zikibaki watarudi jioni, zisipobaki basi. Kigari cha mtoto wasikiache nyumbani kwa kuona haya. Na pembea ambayo mdogo haruhusiwi, wazazi wapeane zamu: bustani nyingi kubwa zina utaratibu wa mmoja kungoja na mtoto, kisha akaingia yeye bila kuanza foleni upya. Ukiuliza utaambiwa, usipouliza hutaambiwa.

Yaliyobaki ni mepesi. Chakula cha halali huko si tatizo, na pa kusalia hapakosekani. Msafiri naye amepewa nafasi ya kukusuru na kujumuisha. Kwa siku atakazokaa na amwulize maalim wake. Kila mtoto aandikiwe nambari ya simu ya baba kwenye mkono kwa kalamu isiyofutika, maana katika umati ule mtoto hupotea mara moja tu ukiinama kufunga kamba ya kiatu.

Mpwa wangu alisikiliza, akawa mdogo kidogo kila nilipozidi kusema, mpaka nikamhurumia. Akaniuliza, "Sasa mjomba, kama ni bustani moja na usingizi wa mchana, si bora niwapeleke Makadara?" Nikamwambia awapeleke Makadara vilevile, Idd ijayo, tena kabla ya Dubai. Kule ndiko atakakojua nani huogopa kwenda juu, nani hutapika akizungushwa, na nani huchoka foleni ikizidi watu kumi. Pembea ya Makadara mtu hulipa kidogo, na mtoto akikataa katikati hapana aliyefilisika. Na amchukue mamake, yaani dada yangu, ambaye katika ile karatasi hakuwa ameandikwa popote. Yule ndiye atakayeketi kivulini na mdogo huku wengine wanazunguka. Dada yangu hupenda sana kuketi na kutazama watu, na miaka mingi sasa hajatoka Old Town isipokuwa kwenda mazikoni na harusini.

Aliondoka bila kuniambia ameamua nini. Karatasi aliiacha juu ya meza, nami nikaona amezichora mstari bustani tatu na Agosti ameizungushia duara lenye alama ya kuuliza.

Jana amenipigia simu. Mkubwa ni sentimita 121. Wa pili ni 104, lakini mtoto huyo asema amepimwa vibaya na ataka apimwe tena kesho. Mdogo hakukubali kusimama.