Kizuri chajiuza, lakini hakijisafirishi: samani za kisasa na gharama ya kubeba hewa

Mteja anayeingia dukani akakuta kiti chenye umbo la mwili wa mwanamke, kikamulio cha limau chenye miguu mitatu mirefu kama mdudu, au tembo aliyechongwa kwa kandambili kuukuu, kwanza hucheka, kisha huuliza bei. Hiyo ndiyo nguvu ya samani na mapambo ya kisasa yenye ubunifu na mzaha ndani yake. Hata hivyo, kabla ya kufika dukani, vitu hivyo hupita kwenye kontena, lori na dirisha la forodha, na huko hakuna anayecheka.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu Julai 1, 2022, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza kutumia kiwango cha nne cha ushuru wa pamoja wa forodha, asilimia 35, kwa bidhaa kadhaa zinazotoka nje ya Jumuiya, zikiwemo samani. Kabla ya hapo kiwango cha juu cha kawaida kilikuwa asilimia 25. Lengo lilikuwa kuwapa nafasi mafundi na viwanda vya ukanda huu. Swali kwa wafanyabiashara na wasafirishaji ni nani ataitumia nafasi hiyo: anayetengeneza kitu kizuri tu, au anayetengeneza kitu kizuri kinachopakika.

Viti 36 ndani ya sanduku moja

Historia ya samani inatoa jibu la wazi. Mwaka 1859, Michael Thonet na wanawe, waliokuwa na makao ya biashara yao Vienna, walitoa kiti namba 14, kilichotengenezwa kwa mbao zilizopindwa kwa mvuke. Kiti hicho kilikuwa na vipande 6 tu vya mbao, skrubu 10 na nati 2. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye sanduku la mita 1 ya ujazo, vikasafirishwa mbali na kuungwa huko huko vilikofika. Hadi mwaka 1930, viti milioni 50 vilikuwa vimeuzwa. Uzuri wake ulipendwa mikahawani, lakini sanduku ndilo lililokifikisha huko.

Karibu miaka 100 baadaye kampuni ya IKEA ya Sweden ilifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1956 iliuza meza ndogo yenye umbo la jani, Lövet, ambayo miguu yake ilifunguliwa ili iingie kwenye gari. Kampuni hiyo haikuishia kwenye meza. Kikombe chake kiitwacho Bang kilibadilishwa umbo kwa sababu ya paleti tu: mwanzoni paleti moja ilibeba vikombe 864, kisha 1,280, na hatimaye 2,024. Kikombe kilibaki kikombe, chai ilibaki chai, ila idadi katika safari moja ilizidi mara mbili.

Mfano wa mzaha wenyewe ni wa Mwitalia Gaetano Pesce. Mwaka 1969 alibuni mfululizo wa viti vya sponji uitwao Up, na maarufu kati yake ni Up5, chenye umbo la mwanamke na tufe la kuwekea miguu lililofungwa kwake. Pesce alieleza kwamba alitaka kuonyesha wanawake walivyofungwa na jamii. Kwa msafirishaji, ajabu ilikuwa kwingine: viti hivyo vilikamuliwa hewa na kubanwa ndani ya mfuko wa plastiki hadi kubaki karibu sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Mnunuzi alipofungua mfuko nyumbani, kiti kilifura chenyewe mbele ya macho yake.

Ufundi huo ulikuwa na kasoro zake. Kiti kikishafura hakirudi mfukoni, kwa hiyo mzigo ukikataliwa na mteja, safari ya kurudi ni ya ukubwa kamili. Aidha, sponji yake ilitegemea gesi ya freon, ya kundi ambalo baadaye lilijulikana kuharibu tabaka la ozoni. Up5 iliporudishwa sokoni mwaka 2000, ilirudi ikiwa imekwisha kuundwa, na sasa inajaza nafasi yake yote kama kiti kingine chochote.

Hesabu ya hewa

Kontena la futi 40 lina nafasi ya ndani ya takriban mita 67 za ujazo na linaweza kubeba zaidi ya tani 25. Ikichukuliwa mfano wa kiti cha kulia chakula kilichokwisha kuungwa, chenye upana wa sentimita 50, kina cha sentimita 50 na kimo cha sentimita 90, kiti kimoja kinachukua mita 0.225 za ujazo. Kwa hesabu ya karatasi, kontena litajaa likiwa na viti 297. Kama kila kiti kina kilo 4, mzigo wote hautafika tani 1.2. Kontena limejaa, lakini limebeba hewa.

Vikipakiwa kwa kipimo cha Thonet, viti 36 kwa mita ya ujazo, kontena hilo hilo linapokea viti 2,412, uzito wa tani 9.6, bado chini sana ya uwezo wake. Nauli ikiwa dola 2,000 kwa mfano, kiti kilichoungwa kinabeba karibu dola 7 za nauli. Kilichofunguliwa kinabeba chini ya dola 1.

Hasara haiishii kwenye nauli. Kwa bidhaa zinazoingia kwa bahari, forodha za Jumuiya hukadiria ushuru kwa thamani ya bidhaa pamoja na bima na nauli hadi bandari ya kuingilia. Maana yake hewa nayo inatozwa ushuru. Katika dola 7 za nauli, asilimia 35 inaongeza dola 2.45, na juu ya jumla hiyo inakuja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda, na asilimia 16 Kenya.

Wasafirishaji wa barabara wanaijua shida hii kwa sura nyingine. Sheria ya Jumuiya ya udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu hadi tani 56 kwa magari makubwa, na mijadala mingi ya mizani ni ya uzito kuzidi. Lori la sofa haliogopi mizani. Linajaa kabla ya kufikia hata robo ya uwezo wake, na mwenye lori anayetoza kwa tani anajikuta amechoma mafuta bila faida.

Kwa ndege ni vivyo hivyo. Nchini Kenya, Ocean Sole hukusanya kandambili zilizotupwa na kuokotwa ufukweni, na mafundi huzichonga kuwa wanyama wa rangi nyingi, wadogo wa kushika mkononi na wengine wa ukubwa wa mnyama halisi. Ni bidhaa nyepesi, na wepesi huo unadanganya: mashirika ya ndege kwa kawaida huhesabu mita 1 ya ujazo kuwa kilo 167, hata kama kwenye mizani ni kilo 40. Mnyama mdogo aliyeshiba hulipiwa uzito wake. Twiga mrefu hulipiwa nafasi aliyozuia.

Ni kiti, ni sanamu au ni mwanasesere?

Mzaha unaomvutia mteja ndio huo unaomchelewesha wakala wa forodha. Viti vimewekwa kifungu 9401, samani nyingine 9403, taa 9405, wanasesere 9503, na sanamu na mapambo ya mbao 4420. Kigoda chenye umbo la kiboko kinaweza kuandikwa katika zaidi ya kifungu kimoja na watu wawili wenye nia njema, na viwango vya ushuru vikitofautiana, mzigo utalala mpakani wakati wanabishana.

Dawa ipo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kama ilivyorekebishwa, inamruhusu mfanyabiashara kuomba uamuzi wa awali wa Kamishna kuhusu kifungu cha bidhaa, uasili wake au thamani yake, kabla mzigo haujaondoka. Kwa bidhaa isiyo ya kawaida, karatasi hiyo ni bora kuliko maelezo ya dereva dirishani.

Kuna makosa mawili yanayofaa kuepukwa. La kwanza ni kudhani kwamba samani iliyofunguliwa hulipiwa ushuru mdogo kwa kuwa ni "vipande". Kanuni ya 2(a) ya kutafsiri mfumo wa vifungu inasema kitu kilicholetwa kimefunguliwa huhesabiwa kama kitu kamili. Kufungua kunaokoa nauli, hakubadilishi kifungu.

La pili ni kuagiza vipande kutoka nje ya Jumuiya, kuviunga kwa skrubu katika nchi moja, kisha kuvivusha kwenda nchi jirani kama bidhaa ya hapa. Kanuni za uasili za Jumuiya za mwaka 2015 zimetaja uungaji rahisi wa vipande kuwa miongoni mwa kazi zisizotoa uasili. Bidhaa ya namna hiyo haistahili kuvuka bila ushuru.

Kinyume chake, fundi anayekata, kuranda na kupiga rangi mbao za hapa hapa ana silaha ambayo mwagizaji hana. Akipata cheti cha uasili, bidhaa yake inavuka bila ushuru wa forodha. Kwa mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000, ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, hutumika cheti rahisi kinachotolewa mpakani penyewe. Kwa mzigo mdogo kiasi hicho, tofauti kati ya vigoda vinavyopachikana na vigoda visivyopachikana ni tofauti kati ya safari moja na safari tatu.

Si kila kitu kifunguliwe

Ushauri wa kufungua kila kitu nao una mipaka. Kiti cha kuchonga chenye viungo vya ulimi na tundu hakifunguliki bila kuharibiwa thamani yake. Vipande vinahitaji mtu wa kuviunga mwisho wa safari, na skrubu moja ikipotea Juba au Goma, faida ya nauli inageuka simu za malalamiko. Mpingo una masharti yake: tangu Novemba 2019, chini ya mkataba wa CITES, bidhaa zilizokamilika za mti huo zinazozidi kilo 10 za mbao hiyo kwa shehena zinahitaji kibali zinapovuka mipaka ya kimataifa, na majirani wamo.

Aidha, asilimia 35 si kuta za mawe. Nchi mwanachama huweza kuruhusiwa kutumia kiwango tofauti kwa muda, na mabadiliko hayo hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya kila mwaka wa fedha unapoanza Julai 1. Karakana iliyojengwa juu ya ushuru peke yake inaweza kuamka siku moja ikakuta kinga imepungua.

Kinachobaki mkononi mwa fundi na msafirishaji ni kipimo cha boksi. Wahenga walisema kibaya chajitembeza, kizuri chajiuza. Hawakusema kizuri chajisafirisha. Fundi anayekaa na mwenye lori kabla ya kukata ubao wa kwanza, akauliza upana wa bodi na kimo cha mlango wake, ataweza kuuza kiti cha kuchekesha kwa bei ambayo jirani ng'ambo ya mpaka anaimudu. Asiyeuliza atatengeneza kiti kizuri vile vile, na nusu ya bei yake italipia hewa.