Safari ya kwanza Italia: kwa nini mwenye ng'ombe na dhahabu anaweza kunyimwa viza

Mfugaji wa Kishapu anaweza kuwa na ng'ombe 40 zizini. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu anaweza kushika milioni kadhaa kwa siku moja, mawe yake yakitoka vizuri karashani. Wote wawili wana uwezo wa kulipia tiketi ya kwenda Ulaya. Lakini wakiomba viza, afisa wa ubalozi jijini Dar es Salaam haoni zizi wala duara. Anaona karatasi tu, na kwa karatasi hizo anaamua kama utasafiri au utabaki.

Tuchukue mfano wa Italia, ambako waumini Wakatoliki wa majimbo ya Shinyanga na Geita hutamani kufika kwa hija ya Roma.

Viza yenyewe

Italia ni moja ya nchi 29 za eneo la Schengen. Viza ya matembezi ya eneo hilo inakuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180, na inakufikisha pia Ufaransa, Ujerumani na nyinginezo. Vatican iko ndani ya Roma na haihitaji viza nyingine. Uingereza na Ireland hazimo katika utaratibu huu. Ukitaka kuzuru nchi kadhaa, unaomba kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi.

Tangu tarehe 11 Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima, zaidi ya shilingi 200,000. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45, na walio chini ya miaka 6 hawalipi. Ukinyimwa viza, ada hairudishwi.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Jibu hutolewa ndani ya siku 15, ingawa linaweza kuchukua hadi siku 45. Anayeomba mara ya kwanza huchukuliwa alama za vidole yeye mwenyewe, hivyo mtu wa Bukombe au Kahama apange nauli na malazi ya Dar es Salaam.

Kabla ya hapo unahitaji pasipoti. Ada yake ni shilingi 150,000, na maombi hupitia Uhamiaji kwa kutumia namba ya NIDA. Pasipoti iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayoondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Utahitaji pia bima ya safari ya kuanzia euro 30,000, uthibitisho wa mahali pa kulala na nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi.

Mali isiyoonekana

Afisa wa viza anajiuliza maswali mawili. Una fedha za kutosha? Na muda ukiisha, utarudi nyumbani?

Swali la kwanza hujibiwa na taarifa ya akaunti ya benki ya miezi kadhaa. Fedha za kuazima zilizoingizwa wiki moja kabla ya maombi hazisaidii. Afisa ataona akaunti iliyolala mwaka mzima ikapokea milioni 10 ghafla, naye atauliza zimetoka wapi.

Kwa hiyo maandalizi yaanze hata mwaka mmoja kabla. Mchimbaji auze katika masoko rasmi ya madini. La Geita lilifunguliwa Machi 2019. Hapo anapata nyaraka za mauzo, kisha fedha aziweke benki. Mwenye leseni ndogo ya uchimbaji aambatishe nakala. Mkulima wa pamba atunze stakabadhi za AMCOS. Mfugaji akiuza mnadani, atunze hati za mauzo na kupeleka fedha benki badala ya kuziweka ndani.

Swali la pili hujibiwa na mambo yanayokufunga na nyumbani: cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, leseni ya biashara, barua ya mwajiri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakuwezesha kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo inaonyesha kuwa una shamba linalokusubiri.

Ukinyimwa, utapewa fomu yenye sababu. Unaweza kukata rufaa, au kuomba upya baada ya kurekebisha kasoro.

Jihadhari na anayedai "ana mtu ubalozini" na anayeweza kukutengenezea taarifa ya benki. Karatasi ya kughushi inakuharibia kwa muda mrefu, kwa sababu nchi za Schengen hutumia kumbukumbu moja ya maombi ya viza. Na anayekuahidi kazi Ulaya kwa viza ya matembezi anakudanganya, kwani viza hiyo hairuhusu kufanya kazi.

Mpakani na ndani ya nchi

Tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kutumia mfumo mpya wa kielektroniki mipakani. Unasajili wageni kwa picha na alama za vidole, na unahesabu siku zao wenyewe. Aliyezidisha hata siku moja anaonekana.

Mwaka 2025 pia Umoja wa Ulaya ulizuia mashirika yote ya ndege yaliyosajiliwa Tanzania kuruka katika anga yake, kwa sababu za usimamizi wa usalama. Tiketi yako itakuwa ya shirika la nje, mara nyingi kwa kubadilisha ndege Addis Ababa, Doha, Istanbul au Amsterdam.

Ukifika, treni ndiyo njia rahisi. Roma hadi Firenze ni kama saa moja na nusu kwa treni ya kasi. Hadi Milano ni kama saa tatu. Tiketi ya karatasi ya treni za mikoani lazima igongwe muhuri kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini. Anayetaka kumwona Papa apange awe Roma siku ya Jumatano, siku ambayo kwa kawaida hukutana na mahujaji. Kiingilio ni bure.

Kwa anayefikiria kusafiri mwakani, kazi ya kwanza ni kufungua akaunti ya benki na kuanza kutunza kila stakabadhi. Tiketi ya ndege isubiri. Ilipie baada ya viza kutoka.