Mchezo wa Windows kwenye Linux: tazama nani ameshika ufunguo

Wapo watumiaji wa Linux wenye msimamo mmoja usiopinda: mchezo usiotengenezewa mfumo wetu hatuununui. Wanasema ukimlipa mtengenezaji aliyekupuuza, umemwambia aendelee kukupuuza. Nawaheshimu, kwa sababu wao ndio walioshikilia mfumo huu wakati kampuni nyingi kubwa za michezo hazikuujali. Lakini sikubaliani nao.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Mwanza. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10, na laptopu nyingi zinazofika mezani kwangu ni za mtumba: ThinkPad T460, HP EliteBook 840 G3, mashine imara zenye prosesa za Intel za kizazi cha sita. Windows 11 haizitambui rasmi. Wapo wanaotaka niwawekee nakala ya wizi iliyochezewa, siweki. Nawawekea Linux Mint, ya bure na halali, na mashine inapata uhai. Mwanafunzi akishaona inawaka haraka, swali lake la kwanza ni hilohilo: "Fundi, na magemu yangu je?" Kijana huyo hakuchagua mfumo kwa itikadi. Ukimjibu asubiri hadi watengenezaji wa Marekani na Japani wabadili mawazo, umemrudisha kwenye nakala ya wizi.

Tena, toleo mahsusi la Linux halijawahi kuwa dhamana ya kudumu. Kampuni ya Loki Software, iliyoanzishwa 1998, ilileta kwenye Linux michezo kama Civilization: Call to Power na Heroes of Might and Magic III, ikiuzwa madukani ndani ya maboksi. Ilifunga mwanzoni mwa 2002. Ukitaka kuendesha matoleo yale leo utahangaika na maktaba za programu zilizopitwa na wakati na mfumo wa sauti ulioachwa zamani. Rocket League nayo ilikuwa na toleo la Linux. Kampuni iliyoitengeneza, Psyonix, baada ya kununuliwa na Epic Games 2019, ikaliondolea huduma Machi 2020, na waliotaka kuendelea na mechi za mtandaoni wakahamia toleo la Windows kupitia Proton.

Proton ndiyo iliyobadilisha hesabu. Valve, wenye duka la Steam, waliitoa Agosti 2018 wakiijenga juu ya Wine, kazi ya watu wa programu huria iliyoanza 1993. Mchezo unapotoa maagizo ya michoro kwa lugha ya Windows, Proton huyageuza papo hapo kuwa maagizo ya Vulkan ambayo Linux inayaelewa. Cuphead haina toleo la Linux, lakini inachezeka vizuri. Elden Ring ilipotoka Februari 2022 ikiwa na tatizo la kukwamakwama kwenye Windows, wahandisi wa Valve waliirekebisha upande wa Proton, na wenye Steam Deck, kifaa cha mkononi cha Valve ambacho ndani yake ni Linux, wakaicheza kwa utulivu zaidi. Watengenezaji wake hawakuandika toleo la Linux.

Kwa hiyo kuwepo kwa toleo letu si kipimo ninachokitumia tena. Ninachouliza ni nani ameshika ufunguo baada ya wewe kulipa. Mchezo unaoucheza peke yako, ukishakaa kwenye mashine na ukaendeshwa na Proton leo, una kila sababu ya kuendelea kesho, kwa sababu Proton na Wine ni programu huria na hakuna mtu mmoja awezaye kuziua. Mchezo wa mtandaoni ni kitu kingine. Apex Legends ilichezeka kwenye Linux tangu 2022. Tarehe 31 Oktoba 2024 EA, wenye mchezo huo, wakatangaza kuifungia Linux yote kwa sababu ya wadanganyifu, na watu waliokwisha kutoa fedha zao humo wakabaki nje, kama mpangaji aliyelipa kodi akakuta kitasa kimebadilishwa. Mlinzi dhidi ya udanganyifu anayetumika Apex, Easy Anti-Cheat, ndiye huyohuyo anayetumika Elden Ring. Epic, wenye mlinzi huyo, waliruhusu afanye kazi na Proton tangu 2021. Watengenezaji wa Elden Ring waliamua kufungua mlango, EA wakaamua kuufunga. Mzizi wa tatizo ni uamuzi wa watu, na huyo aliyefunga ndiye wa kumnyima fedha. Battlefield 6, mchezo mwingine wa EA, haifanyi kazi Linux kwa sababu ya mlinzi wake, na nawaambia wateja wangu wazi: usiinunue ukitumaini itafunguliwa baadaye.

Wenye msimamo mkali wanasahau jambo moja. Steam huhesabu mauzo kwa mfumo uliouchezea mchezo, hata kama umepitia Proton. Ununuzi wako hauendi kimya kwenye safu ya Windows. Ila sharti uchezee Linux. Anayenunua akakimbilia kwenye Windows aliyoiacha kwenye kona ya diski, huyo ndiye anayetupunguza.

Kwetu huku kuna gharama ambayo mjadala wa Ulaya hauigusi. Steam itakurudishia fedha ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili. Bando haitakurudishia. Elden Ring inadai nafasi ya gigabaiti 60. Kwa kijana anayenunua data ya wiki kwa shilingi za kubana, kupakua mchezo usiowaka ni hasara kamili hata kama dola zake zimerudi. Soma kwanza taarifa za waliojaribu, wenye kadi ya michoro inayofanana na yako. T460 haitabeba Elden Ring, Proton au bila Proton.

Na ukiwa na fedha ya mchezo mmoja tu mwezi huu, anza na waliotuandalia kiti bila kuombwa: Stardew Valley, Hollow Knight, Factorio. Zote zina toleo la Linux, na Stardew Valley itakwenda bila shida kwenye laptopu ya mtumba niliyoitaja. Cuphead inaweza kungoja mshahara ujao.