Shosho si yaya wa bure

Wacha niseme hii mapema, mtanitukana mkimaliza kusoma.

Wazungu wakitajwa tu, sisi hupiga kifua. Ati hatutupi wazee wetu kwa makao ya wazee, ati tunaishi vizazi vitatu chini ya paa moja. Sawa. Lakini kwa hiyo nyumba, nani anaamka saa kumi na moja asubuhi kupika uji? Nani anafua nguo za mtoto? Nani anapanda ngazi hadi ghorofa ya nne akiwa amebeba mjukuu mgongoni?

Ni shosho. Miaka 68, na magoti yamechoka.

Wetu tulimtoa Murang'a tukamleta Umoja. Tulimwambia anakuja kupumzika. Wiki ya pili, yaya akaambiwa asirudi. Hakuna mtu aliyemuuliza shosho chochote. Kule kwao alikuwa na ng'ombe wake, chama chake na kiti chake kanisani. Huku ana runinga na mtoto anayelia. Na mimi sijitoi: chapati zake nilikula, vyombo nikamwachia.

Najua mtasema wajukuu ndio furaha yake. Ni kweli, anawapenda. Lakini kumpenda mtoto ni kitu kimoja, kushinda naye masaa kumi na mbili, Jumatatu hadi Jumamosi, ni kazi. Ukitaka kujua kama ni kazi, jaribu kuifanya wikendi moja pekee yako.

Mtasema pia yaya ni ghali. Hapo siwapingi. Agizo la mishahara la 2024 liliweka mfanyakazi wa nyumbani Nairobi zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi, na wengi wetu hatuna hiyo pesa. Lakini gharama haijapotea. Shosho ndiye anailipa, kwa mgongo wake. Hata zile 2,000 za Inua Jamii hapati, kwa sababu hajafika miaka 70.

Katiba yetu, Kifungu cha 57, inasema mzee aishi kwa heshima na atunzwe na familia yake pamoja na serikali. Mzee ndiye wa kutunzwa. Sisi tumegeuza, halafu tukaita utamaduni.

Sisemi tuhame kila mtu akae kivyake. Kodi ya Nairobi tunaijua. Nasema tukikaa pamoja, kazi nayo igawanywe. Mpe shosho kitu kila mwisho wa mwezi, hata kama ni kidogo, na usikiite zawadi. Jumapili mtoto ni wako, shosho aende kanisani. Na akisema anataka kurudi ushago, mkatie tiketi, usimpe hotuba.

Wewe je, shosho wako alipumzika lini mara ya mwisho? Muulize leo, kisha urudi hapa unibishie.