Mashapo Meupe Yana Wenyewe Wengi

Mitihani ya vitendo ya Kidato cha Nne inapokaribia, wanafunzi hurithishana kanuni za mkato za kutambua ioni na gesi. Nimefundisha kemia miaka mingi, na baadhi ya kanuni hizo nimezisikia hata kwa walimu wenzangu.

"Maji ya chokaa yakiwa meupe, gesi ni kaboni dayoksaidi." Si lazima. Salfa dayoksaidi nayo huyafanya meupe kama maziwa. Shika mdomoni mwa testi tyubu karatasi iliyolowekwa potasiamu daikrometi yenye asidi: ikitoka rangi ya chungwa ikawa kijani, hiyo ni salfa dayoksaidi. Tena kuna mtego wa pili. Kaboni dayoksaidi ikiendelea kupita, weupe hutoweka, maana kalisiamu kaboneti isiyoyeyuka hugeuka haidrojenikaboneti inayoyeyuka. Aliyekuwa anachungulia meza ya jirani akirudisha macho hukuta maji maangavu, akaandika "hakuna gesi".

"Bariamu kloraidi ikileta mashapo meupe, ni salfeti." Kaboneti na salfaiti nazo huyaleta. Tia asidi haidrokloriki iliyozimuliwa. Ya salfeti hubaki palepale, ya wenzake huyeyuka.

"Mashapo meupe yakiyeyuka katika sodiamu haidroksaidi iliyozidi, ni zinki." Hapa ndipo wengi wanapozama. Zinki, aluminiamu na risasi, zote tatu hufanya hivyo hivyo. Kinachozitenga ni mmumunyo wa amonia: ukizidishwa, mashapo ya zinki huyeyuka, ya hizo mbili hugoma. Kati ya zilizogoma, risasi huumbuliwa na potasiamu ayodaidi kwa mashapo ya njano. Lakini amonia hutiwa tone kwa tone, huku unatikisa. Anayeimimina kwa mkupuo huiruka hatua ya mashapo ya zinki, kisha huapa hakuona kitu. Wala hasemi uongo.

"Chumvi ya kijani ni ya chuma." Shaba kaboneti je?

"Maji ni maji tu." Hili lilinipata mimi mwenyewe. Nilisoma pwani, shule yenye kisima ambacho chumvi yake uliionja hata kwenye chai. Siku ya jaribio maji yaliyokenekwa yalikuwa kwenye chupa moja, na foleni ndefu. Nikasuuza testi tyubu kwa maji ya kisima na kuyeyushia humo humo. Nilipotia asidi ya naitriki, kisha silva naitreti, weupe ukatanda mara moja. Nikaandika "kloraidi" kwa mwandiko mzuri, nikapiga na mstari chini yake. Chumvi niliyopewa ilikuwa naitreti. Kloraidi ilikuwa ya kisima.

Siku hizi naanza kipindi kwa kudondoshea silva naitreti kwenye maji matupu ya bomba, mbele ya darasa zima, kabla chumvi yoyote haijatoka kabatini.